Baada ya Kuacha Sindano ya Kupunguza Uzito: Mambo ya Kutarajia na Namna ya Kujiandaa

Mtu anapoanza kutumia semaglutidi au tirzepatidi, zile sindano za kila wiki zinazouzwa kwa majina kama Ozempic, Wegovy na Mounjaro, huelezwa mengi kuhusu kuanza: dozi ndogo kwanza, kichefuchefu cha siku za mwanzo, mahali pa kuchoma na namna ya kuihifadhi dawa kwenye jokofu. Kuhusu kuacha huelezwa kidogo sana, na mara nyingi haelezwi lolote. Kwa hiyo watu wengi huacha ghafla, kwa sababu fedha zimekwisha, dawa imeadimika dukani, madhara yamewachosha, wamepanga kupata mtoto, au wamefikia uzito waliokuwa wakiutaka wakaona kazi imekwisha. Kisha miezi michache baadaye, nguo zinapoanza kubana tena, hujilaumu kana kwamba wameshindwa na tamaa ya chakula. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya wale ambao bado wanachoma sindano lakini wanajua kwamba hawataweza kuendelea nayo kwa muda mrefu. Msimamo wangu ni kwamba kuacha dawa hizi ni sehemu ya matibabu yenyewe, na kunastahili kupangwa na kusimamiwa kwa uangalifu uleule uliotumika wakati wa kuanza.

Ni vyema kuanza na ukweli ulio mgumu. Katika jaribio kubwa la semaglutidi liitwalo STEP 1, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68, na waliopata dawa walipunguza kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wa mwili. Baadaye washiriki 327 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja zaidi baada ya sindano kusimamishwa. Wale waliokuwa wakipata dawa katika kundi hilo walikuwa wamepunguza asilimia 17.3, lakini mwaka ulipokwisha walikuwa wamerudisha takriban theluthi mbili ya walichopunguza, wakabaki na punguzo la asilimia 5.6 tu. Kwa mtu aliyeanza na kilo 100, hiyo ni sawa na kushuka hadi kilo 83 hivi, kisha kupanda tena hadi karibu kilo 94. Shinikizo la damu, lililokuwa limeshuka, nalo lilirudi karibu na lilikoanzia.

Tirzepatidi haikuonyesha tofauti kubwa katika jambo hili. Katika jaribio la SURMOUNT-4, lililochapishwa mwishoni mwa mwaka 2023, washiriki walitumia dawa kwa wiki 36 na kupunguza wastani wa asilimia 20.9, kisha nusu yao wakahamishiwa kwenye sindano isiyo na dawa ndani yake bila wao kujua. Mwaka mmoja baadaye hao waliohamishwa walikuwa wameongezeka uzito kwa asilimia 14, huku wenzao walioendelea na dawa wakizidi kupungua. Hata hivyo, takriban mtu mmoja kati ya kila sita walioachishwa dawa alikuwa bado amehifadhi angalau asilimia 80 ya uzito alioupunguza. Wastani hauwezi kumwambia mtu mmoja mmoja yatakayomfika, na ndiyo maana maandalizi yana thamani.

Kwa nini uzito hurudi

Dawa hizi huiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ambayo mwili huitoa mtu anapokula. Homoni hiyo huchochea kongosho kutoa insulini sukari inapopanda, hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo, na hupeleka kwenye ubongo taarifa kwamba mtu ameshiba. Tirzepatidi huongeza juu ya hayo kazi ya homoni nyingine ya utumbo iitwayo GIP. Homoni ya asili hudumu kwenye damu kwa dakika chache tu, ilhali semaglutidi huchukua takriban wiki nzima kupungua hadi nusu. Mtu aliye kwenye dawa huwa na ishara ya shibe isiyozimika usiku na mchana, na ndiyo maana wengi husimulia kwamba waliacha kukifikiria chakula kila saa, kwamba sahani ya pilau iliwatosha ikiwa nusu, na kwamba maandazi ya asubuhi yaliwapita bila kuwashawishi.

Ishara hiyo ikiondoka, mwili haurudi tu pale ulipokuwa. Unarudi ukiwa na njaa zaidi, kwa sababu mwili wowote uliopungua uzito, kwa dawa, kwa lishe au kwa ugonjwa, hupambana kuurudisha. Homoni ya ghrelini, inayoamsha njaa, hupanda. Leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, hushuka. Utafiti uliofanyika Melbourne nchini Australia na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu 50 waliopunguza uzito kwa lishe ya wiki 10, ukakuta kwamba mwaka mmoja baadaye homoni zao bado zilikuwa zimeelemea upande wa njaa. Pamoja na hayo, mwili mdogo hutumia nishati kidogo kuliko mwili mkubwa, na mara nyingi hutumia kidogo hata kuliko inavyotarajiwa kwa uzito wake mpya. Kiasi cha chakula kilichoutuliza uzito wako ulipokuwa na kilo 100 kitakunenepesha ukiwa na kilo 83.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu lawama huumiza watu kuliko njaa yenyewe. Mtu anayeamini kwamba ameshindwa kwa uvivu humficha daktari wake, huacha kujipima, na hukata tamaa mapema. Mtu anayejua kwamba mwili wake unafanya kile ambacho miili hufanya huweza kutafuta msaada bila aibu.

Kabla ya sindano ya mwisho

Ikiwa bado una nafasi ya kupanga, anza miezi miwili au mitatu kabla, na uanze kwa kuzungumza na daktari aliyekuandikia dawa. Ikiwa uliinunua bila kuandikiwa, kama wengi wanavyofanya katika miji yetu, nenda kwa daktari yeyote wa kituo cha afya au hospitali umweleze waziwazi ulichotumia, dozi uliyofikia na muda uliotumia. Daktari hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua.

Wapo watu wasiopaswa kabisa kuacha bila usimamizi. Wa kwanza ni wenye kisukari cha aina ya pili. Kwao dawa hii haikuwa ya uzito peke yake; ilikuwa ikishikilia sukari yao, na huenda daktari alipunguza au kuondoa insulini, au vidonge vya kisukari kama gliklazidi au glibenklamidi, baada ya sindano kuanza kufanya kazi vizuri. Sindano ikiondoka na zile nyingine zisirudishwe, sukari itapanda taratibu bila dalili kubwa mwanzoni. Pima sukari mara nyingi zaidi kuliko ulivyozoea katika miezi mitatu ya kwanza, na kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku, uchovu au macho kuona ukungu vikupeleke kliniki siku hiyohiyo. Usijirudishie insulini ya zamani kwa dozi ya zamani kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwili uliopungua unaweza kuhitaji kidogo, na sukari kushuka kupita kiasi ni hatari ya haraka kuliko kupanda.

Wa pili ni wenye shinikizo la damu ambao dawa zao za presha zilipunguzwa walipokuwa wakikonda. Hao wanahitaji kupimwa presha kila wiki kwa wiki kadhaa, kwa sababu presha inaweza kutangulia kupanda kabla uzito haujaonekana kurudi. Duka la dawa lenye kipimo hutosha kwa kazi hii, mradi upimwe ukiwa umekaa na kutulia kwa dakika tano, na uandike namba zako.

Wa tatu ni wanawake wanaotaka kushika mimba. Semaglutidi inatakiwa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kujaribu kupata mtoto, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu. Kwa tirzepatidi mwongozo wa Uingereza ni mwezi mmoja. Katika muda huo njia ya uzazi wa mpango iendelee kutumika. Ni muhimu pia kujua kwamba kupungua uzito huweza kurudisha hedhi na uwezo wa kuzaa kwa mwanamke aliyekuwa hapati hedhi kwa mpangilio, kwa hiyo mimba inaweza kuja mapema kuliko alivyozoea kutarajia. Mwanamke aliyegundua kwamba ni mjamzito huku bado anachoma sindano aache mara moja na amwone mkunga au daktari. Asisubiri kupunguza dozi hatua kwa hatua.

Kuhusu hilo la kupunguza dozi polepole, watu huuliza sana. Dawa hizi hazijengi utegemezi kama ule wa pombe au wa dawa za usingizi, na kuziacha ghafla hakuleti kutetemeka wala kuchanganyikiwa. Kwa upande huo mtu anaweza kusimama siku moja. Hata hivyo, madaktari wengi hupendelea kushuka ngazi kwa ngazi, kwa mfano kutoka miligramu 2.4 za semaglutidi hadi 1.7, kisha 1, kila ngazi kwa wiki nne hivi, ili mgonjwa akutane na njaa yake kidogo kidogo na apate kuzoea namna mpya ya kula angali ana msaada wa dawa. Ushahidi wa kwamba njia hii huzuia uzito kurudi bado ni mchache, lakini naiona kuwa ya busara kwa yeyote anayeweza kumudu gharama yake, na inampa daktari muda wa kuangalia sukari na presha. Tahadhari moja: ushauri huu ni wa sindano hizi. Vidonge vya kupunguza uzito vina kanuni zao, na vile vyenye fentamini pamoja na topiramati havipaswi kuachwa ghafla vikiwa kwenye dozi kubwa, kwa sababu vinaweza kusababisha degedege.

Siku chache kabla ya sindano ya mwisho, chukua vipimo vya kuanzia na uviandike mahali pamoja: uzito, mzunguko wa kiuno ukipimwa usawa wa kitovu, presha, sukari kabla ya kula, na ikiwezekana HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na kolesteroli. Bila namba hizi utabaki kubishana na kioo.

Wiki na miezi ya kwanza

Wiki ya kwanza baada ya kukosa sindano ya semaglutidi mara nyingi haina tukio. Dawa bado imo, kwa kuwa hupungua nusu kila baada ya siku saba hivi, na huchukua wiki tano au zaidi kidogo kutoweka. Tirzepatidi hupungua nusu kwa takriban siku tano, kwa hiyo huondoka ndani ya mwezi mmoja. Liraglutidi, inayouzwa kwa jina la Saxenda na kuchomwa kila siku, huondoka ndani ya siku chache, na anayeiacha huhisi mabadiliko upesi zaidi.

Utulivu huu wa mwanzo huwadanganya wengi. Mtu hujiona amepona, anajipongeza kwamba hamu yake imebadilika moja kwa moja, kisha kati ya wiki ya tatu na ya sita njaa hurudi, wakati mwingine kwa nguvu inayomshtua. Hurudi kwanza kama mawazo: kukumbuka chakula mara tu baada ya kula, kuhisi harufu ya chipsi ukiwa mbali, kuamka usiku na kufungua jokofu. Kisha shibe huanza kuchelewa, na sahani iliyokutosha mwezi uliopita ikawa haitoshi. Ukijua kwamba wakati huo unakuja, usiupangie mambo mengine mazito. Anayeweza kuchagua tarehe ya kuacha asiiweke karibu na harusi ya ukoo, sikukuu za mwisho wa mwaka au mwezi wa Ramadhani. Nataja Ramadhani kwa sababu futari yetu ya pwani, yenye sambusa, kaimati, viazi vya nazi na sharubati mezani kwa wakati mmoja, ni mtihani mkubwa kwa mtu ambaye njaa yake imerudi wiki hiyohiyo.

Yapo pia mazuri ya kutarajia. Kichefuchefu, kiungulia, kucheua harufu mbaya na kufunga choo hupungua kadiri dawa inavyotoka. Nywele zilizokuwa zikidondoka kwa kawaida huacha na kuota tena, ingawa si mara moja, kwa kuwa upotevu huo hutokana na kupungua uzito kwa kasi na huonekana miezi michache baada ya kupungua kwenyewe. Usishangae zikiendelea kudondoka kwa muda hata baada ya kuacha.

Jambo moja halipaswi kusubiriwa. Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, au maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu yanayoambatana na homa, kutapika au macho kuwa ya manjano, yanahitaji hospitali bila kuchelewa, hata kama sindano ya mwisho ilikuwa wiki kadhaa zilizopita. Dawa inaweza kuwa bado mwilini, na kupungua uzito kwa haraka huongeza uwezekano wa mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Chakula njaa inaporudi

Kosa la kawaida katika miezi hii ni kujaribu kula kiasi kilekile kidogo kilichowezekana wakati wa dawa. Aliyekuwa akishiba kwa kipande cha chapati na chai ya rangi hawezi kuendelea hivyo njaa ya kweli ikirudi. Atavumilia siku nne, na siku ya tano atakula kupita kiasi. Ni heri kubadilisha kilichomo kwenye sahani, ili sahani iwe kubwa ya kutosha kushibisha bila kuleta nishati nyingi.

Protini ndiyo ya kutangulizwa. Kwa mtu mzima anayejaribu kulinda uzito mpya, gramu 1 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni lengo linalotumiwa na wataalamu wengi wa lishe; mwenye ugonjwa wa figo asilifuate bila kumuuliza daktari. Kwa mwenye kilo 80 hiyo ni gramu 80 hadi 120, na hazipatikani kwa bahati. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa karibu gramu 15, glasi ya maziwa gramu 8, na kipande cha samaki cha gramu 100 zaidi ya gramu 20. Hesabu hii inaonyesha kwamba kifungua kinywa cha chai ya sukari na maandazi mawili hakiwezi kubaki kama kilivyo. Mayai mawili na maharage yaliyobaki jana, au maziwa ya mtindi na karanga, vitakushikilia hadi mchana. Dagaa, ambao bei yake bado inavumilika Kisumu, Mwanza na kwingineko kandokando ya Ziwa Viktoria, ni hazina isiyothaminiwa inavyostahili: wana protini nyingi, na huliwa pamoja na mifupa yao yenye madini ya chokaa.

Baada ya protini, ongeza mboga hadi zijaze nusu ya sahani, na ziliwe kwanza. Mchicha, sukuma wiki, kisamvu, matembele, bamia na kabichi hutanua tumbo kwa nishati kidogo, mradi hazikuogeshwa mafuta wala tui zito. Ugali na wali havihitaji kufukuzwa mezani, na simshauri mtu aliyekulia kwenye ugali ajaribu kuishi bila ugali. Atarudi kwake akiwa na njaa zaidi. Kinachosaidia ni kupima. Ugali wa dona, wa mtama au wa ulezi, wa ukubwa wa ngumi yako, uwekwe kwenye sahani yako peke yako, badala ya kula kwenye sinia la pamoja ambako hakuna anayejua amemega mara ngapi. Mgeni anayekula sinia moja na wenyeji anaweza kuombewa sahani yake kwa heshima. Wenyeji wengi wataelewa wakiambiwa ni agizo la daktari.

Vinywaji ndivyo mlango ambao uzito hupitia bila kuonekana. Soda ya mililita 300 huweza kuwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba vya chai hivi, na tumbo haliihesabu kama chakula. Vivyo hivyo juisi ya miwa, sharubati, na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu mara nne kwa siku. Wakati wa dawa wengi walipoteza hamu ya vitu vitamu. Hamu hiyo hurudi, na ni rahisi kuizuia kwa kutoleta vinywaji hivyo nyumbani kuliko kwa kuvipinga vikiwa kwenye jokofu.

Kula kwa saa zinazojulikana. Dawa iliwaruhusu watu kuruka milo bila kuumia, na mazoea hayo huwageuka. Milo mitatu yenye protini, na kitu kidogo alasiri ikiwa unarudi nyumbani umechelewa kwa sababu ya foleni, hukuzuia kufika mezani ukiwa na njaa isiyosikiliza ushauri.

Misuli

Uzito unaopungua kwa dawa hizi hauwi mafuta matupu. Katika vipimo vya majaribio, sehemu kati ya robo na takriban theluthi moja, na wakati mwingine zaidi, ilikuwa tishu isiyo mafuta, misuli ikiwemo. Uzito ukirudi bila mazoezi, hurudi zaidi kama mafuta, hivyo mtu anaweza kuwa na kilo zilezile za zamani akiwa na nguvu pungufu. Kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 hili ni jambo zito, kwa sababu huongeza hatari ya kuanguka na kuvunjika mifupa.

Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2021 unatoa mwanga hapa. Watu 195 walipunguza uzito kwa lishe kali ya wiki nane, kisha wakagawanywa kwa mwaka mmoja: wengine mazoezi ya kusimamiwa, wengine liraglutidi, wengine vyote viwili, na wengine sindano isiyo na dawa. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya matibabu kwisha, waliokuwa wametegemea dawa peke yake walirudisha uzito zaidi kuliko waliokuwa wamefanya mazoezi. Ninachokichukua hapo ni kwamba mazoezi yaanze kabla dawa haijaondoka, ili yawe mazoea wakati njaa inapofika.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano, kunatimiza kiwango cha chini cha sehemu ya kwanza, na kushuka kwenye daladala au matatu vituo viwili kabla ya kufika huweza kuwa nusu yake. Sehemu ya pili ndiyo husahaulika. Kuinuka kwenye kiti bila kushika mikono mara kumi kwa duru tatu, kusukuma ukuta au sakafu kwa mikono, kupanda ngazi, na kuinua madumu ya maji ya lita tano yaliyojaa, huku ukiongeza uzito mwili unapozoea, ni kazi ya kutosha kwa asiye na ada ya jimu. Mwenye magoti mabovu au ugonjwa wa moyo aulize kwanza.

Mizani, kiuno na maneno ya watu

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya kula. Kilo moja au mbili zikiongezeka katika wiki za mwanzo si lazima ziwe mafuta; utumbo una chakula zaidi na mwili umeshika maji zaidi. Weka mapema kiwango ambacho ukikifikia utachukua hatua. Mimi hupendekeza kilo tatu juu ya uzito wa sindano ya mwisho, zikidumu kwa wiki mbili. Hatua hiyo iwe miadi na daktari au mtaalamu wa lishe, isiwe kufunga kula. Kilo tatu zinaweza kuzungumziwa kwa utulivu. Kilo kumi na tano humfanya mtu ajifiche.

Katika ule ufuatiliaji wa STEP 1 ushauri wa lishe na mazoezi ulisimamishwa pamoja na dawa, na nadhani hilo halipaswi kuigwa. Ukiacha sindano, ongeza mahudhurio kliniki badala ya kuyapunguza: baada ya mwezi mmoja, mwezi wa tatu, wa sita, na mwisho wa mwaka.

Maneno ya watu yanahitaji maandalizi yake. Kwetu mtu akikonda huulizwa kama anaumwa, na minong'ono huenda mbali zaidi ya hapo. Akirudi kunenepa huambiwa kwamba sasa amenawiri, na shangazi humwongezea wali kwa furaha ya kweli. Wote hao wanampenda. Jibu fupi, kama vile "nashukuru, daktari amenipangia kiasi," hutosha, na hulazimiki kumweleza yeyote dawa uliyotumia. Lakini mchague mtu mmoja wa nyumbani, mke, mume, dada au mtoto mkubwa, umweleze kila kitu, hasa yule anayepika. Huzuni nayo inaweza kuja, kwa sababu mwili uliokuwa ukibadilika kila wiki sasa unakwenda kinyume. Ikiwa inakunyima usingizi, inakufanya ule kwa siri au kujitapisha, mwambie daktari kama ambavyo ungemwambia kuhusu presha.

Ukihitaji kurudi kwenye dawa

Kwa baadhi ya watu, hata wakifanya yote haya, uzito utarudi, na pamoja nao sukari, presha au kukoroma kunakokatiza pumzi usingizini. Unene uliokithiri ni ugonjwa wa muda mrefu, na kuhitaji dawa tena hakuna tofauti na mgonjwa wa presha anayeendelea na vidonge vyake. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza semaglutidi na tirzepatidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili walio pia na unene uliokithiri pamoja na ugonjwa wa moyo au wa figo. Kuwemo kwenye orodha hakushushi bei kwa siku moja, lakini kunazipa serikali sababu ya kufikiria kuzinunua.

Ukirudi, usianzie ulipoachia. Baada ya wiki kadhaa bila dawa tumbo huwa limepoteza uzoefu wake, na dozi ya miligramu 2.4 ikichomwa moja kwa moja inaweza kuleta kutapika kwa siku kadhaa, kupungukiwa maji na kuumia kwa figo. Kwa kawaida daktari humrudisha mgonjwa kwenye dozi ya chini, ambayo kwa semaglutidi ni miligramu 0.25 kwa wiki na kwa tirzepatidi ni miligramu 2.5, kisha humpandisha kila baada ya wiki nne. Kalamu, yaani kile kifaa cha kujichomea kilichojazwa dawa, iliyobaki nyumbani tangu mwaka jana itupwe: kalamu ya Ozempic ikishafunguliwa ina siku 56 za kutumika, na iliyokaa kwenye joto kali haiaminiki hata kabla ya hapo.

Usinunue kalamu kwa mtu anayeuza kupitia simu au kwenye saluni, hata kama ni rafiki wa rafiki. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutidi ghushi zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani, likaonya kwamba baadhi ya bidhaa hizo zinaweza kuwa na insulini ndani yake, jambo linaloweza kumwangusha asiye na kisukari ndani ya saa chache. Nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa, kwa cheti cha daktari. Kagua namba ya toleo kwenye boksi na kwenye kalamu kama zinalingana. Na ukiwa na shaka yoyote, mpelekee mfamasia boksi lenyewe kabla ya kujichoma, ili aliulizie kwa Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nchini Tanzania.